Nifungue au nisifungue? Viambatisho vya kitapeli kwenye barua pepe, dalili kwa dalili

Mimi ni fundi wa kompyuta, na ofisi nyingi ninazozihudumia ziko karibu na bandari ya Dar es Salaam, na kazi yao ni kutoa mizigo ya watu. Siku nzima wanapokea mafaili: BL (hati ya meli inayoonyesha mzigo uliopakiwa) kutoka kampuni ya meli, orodha ya mzigo kutoka Guangzhou, ankara, nakala ya TT ya benki, yaani uthibitisho wa fedha zilizotumwa kwa benki. Ukimwambia mtu wa ofisi kama hiyo "usifungue kiambatisho cha usiyemjua", umemwambia aache kazi, kwa kuwa kila mteja mpya ni mtu asiyemjua. Siutaki ushauri huo. Hapa nimefuata kile unachokiona kwenye skrini: dalili, kinachoileta, na cha kufanya.

Shika jambo moja tangu sasa. Hati ni ya kusomwa. Ankara inakuonyesha kiasi, BL inakuonyesha kontena, basi. Hati inapoanza kukuomba ufanye kitu, uruhusu kitu au uipe kitu, hapo ndipo mtego ulipofichwa.

Kama umeshafungua faili na sasa unasoma haya kwenye simu: chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi kwenye kompyuta ile. Usiweke nywila yoyote juu yake. Kisha ruka hadi palipoandikwa "Nimefungua, hakuna kilichotokea".

"Jina ni la mtu ninayemjua, ila ujumbe siuelewi"

Hii ina sababu tatu, na kila moja ina kipimo chake.

Ya kwanza ni jina la bandia. Jina linalotokea juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Kwenye simu ni hatari zaidi, maana programu nyingi huonyesha jina na kuficha anwani. Gusa jina hilo, anwani itokee. Ukikuta jina la mhasibu wa mteja wako limekaa juu ya anwani ya Gmail yenye msururu wa tarakimu, uchunguzi umeishia hapo.

Ya pili ni anwani pacha. Herufi r na n zikikaa pamoja zinafanana na m. Herufi l hubadilishwa na tarakimu 1. Anwani ya .co.tz hugeuzwa kuwa .com. Jicho lenye haraka halioni. Nakili anwani hiyo, ibandike chini ya ile iliyomo kwenye barua ya zamani ya mtu huyohuyo, kisha linganisha herufi kwa herufi.

Ya tatu ndiyo nzito: anwani ni yake kweli, kwa sababu sanduku lake limeshavamiwa. Wahalifu huingia, husoma mazungumzo ya nyuma, halafu hujibu ndani ya mazungumzo yaleyale na kuambatisha faili lao. Emotet, iliyoonekana kwanza mwaka 2014 kama programu ya kuiba taarifa za benki, ilienea sana kwa njia hii. Januari 2021 polisi wa nchi kadhaa, wakishirikiana na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, walizima mitambo yake. Novemba mwaka huohuo ilikuwa imerudi. Katika hali hii huwezi kugundua kitu kwa kuitazama barua. Mpigie mtu mwenyewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa mwishoni mwa barua hiyo. Wala usimuulize tu "umenitumia barua?", maana huenda asubuhi alituma nyingine akakujibu ndiyo. Muulize: "Faili uliloniletea linahusu kontena namba ngapi?"

"Jina la faili linaishia kwa herufi nisizozizoea"

Zile herufi baada ya nukta ya mwisho nitaziita mkia wa faili. Mkia ndio unaoieleza kompyuta hiki ni kitu cha kusoma au ni programu ya kuendesha. Picha ndogo iliyo pembeni si kitu. Mhalifu anaweza kuivalisha programu yake picha ya PDF na isikugharimu chochote kuiamini hadi umeshaibonyeza.

Tarehe 4 Mei 2000 barua yenye kichwa cha habari ILOVEYOU ilianzia Ufilipino ikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani ndani ya siku chache. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha mkia wa mwisho, hivyo watu waliona .TXT wakadhani ni maandishi matupu. Leo Windows 11 nayo inaficha mikia hiyo isipokuwa wewe mwenyewe uiambie ionyeshe. Fungua dirisha la mafaili, bonyeza "View", kisha "Show", uweke alama kwenye "File name extensions". Ninapoingia ofisi mpya hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya, kabla hata ya kuuliza wanatumia antivairasi gani.

Mikia ya programu ni kama .exe, .scr, .bat, .js, .vbs, .hta na .lnk. Huduma nyingi za barua pepe huikataa, kwa hiyo wahalifu huifunga ndani ya .zip, .rar, .7z au .iso. Ile .iso ni nakala ya diski nzima. Ukiibonyeza Windows huifungua kana kwamba umechomeka sidii, na ndani yake utakuta faili moja linalosubiri kubonyezwa. Sijawahi kuona kampuni ya meli ikituma BL kwa .iso. Ukiiona, futa bila kusita.

Kuna pia ujanja wa herufi isiyoonekana inayogeuza mwelekeo wa maandishi, ile inayotumika kihalali kwa Kiarabu na Kiebrania. Ikitiwa katikati ya jina, faili linaloishia .exe huweza kuonekana kama linaishia .pdf. Kwa hilo, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties", usome aina yake. Pakiandikwa "Application", hiyo ni programu hata kama jina linasema ni ankara.

"Limefunguka, lakini linasema niruhusu kwanza ndipo nione"

Ukurasa wa Word au Excel una picha yenye ukungu, na juu yake tangazo: hati hii imelindwa, bonyeza "Enable Content" uisome. Chanzo ni makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati. Hati yenyewe haijalindwa na chochote. Ukungu ni picha tu, na ukishabonyeza hutaona ankara yoyote chini yake.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko wengi wa vijana wanaokaa kwenye kaunta hizo. Kirusi cha Melissa cha Machi 1999 kilikaa ndani ya hati ya Word na kujituma kwa anwani 50 za mwanzo kwenye kitabu cha anwani cha aliyeifungua. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia kabisa makro za mafaili yanayotoka mtandaoni, na wahalifu wakahamia kwenye .iso, .lnk na mafaili ya OneNote, programu ya Microsoft ya kuandikia madokezo, yenye mkia wa .one. Kwa hiyo ukiona Office ikikataa kwa utepe mwekundu, usitafute mtandaoni namna ya kuilazimisha. Nimekuta barua zenye maelekezo ya hatua kwa hatua ya kuuondoa utepe huo. Hakuna mteja anayefundisha hivyo.

"Lakini fundi, mimi nilifungua Word tu, sikuruhusu makro." Hilo nalo linawezekana, na mara nyingi ninapolisikia nakuta Office iliyopakiwa na fundi wa mtaani, isiyo na leseni, ambayo haijapata marekebisho kwa miaka. Ndani ya Office kulikuwa na sehemu ya kuandikia milinganyo ya hesabu yenye kasoro iliyokaa takriban miaka 17 bila kujulikana. Microsoft iliiziba Novemba 2017, na Januari 2018 ikaiondoa kabisa sehemu hiyo. Kwenye Office isiyorekebishwa, hati yenye ubaya huu haihitaji makro. Ukiifungua na kuitoa kwenye hali ya kusoma tu, imeshaingia. Na ile programu ya kuvunjia leseni kwa kawaida hukutaka uzime antivairasi kwanza. Najua leseni ni ghali kwa ofisi ya watu wanne. LibreOffice ni ya bure na inasoma mafaili yaleyale; bora hiyo kuliko Office ya kuibia iliyofungua mlango wa nyuma.

"Faili limefungwa kwa nywila, na nywila imo ndani ya barua"

Kufuli la namna hii halikulindi wewe. Limewekwa ili antivairasi ya mtoa huduma ya barua pepe isiweze kuchungulia ndani. Mlinzi wa getini hawezi kufungua begi, wewe umepewa ufunguo.

Tofautisha na kufuli halali. Taarifa za M-Pesa nchini Kenya, kwa mfano, huja kama PDF iliyofungwa, lakini namba ya kuifungulia haimo ndani ya barua ileile. Baadhi ya benki nazo hutumia tarakimu unazozijua wewe. Ufunguo ukiwa umefungwa kamba kwenye kufuli lenyewe, jiulize kufuli ni la nini.

"Nimebonyeza ankara, ukafunguka ukurasa unaotaka nywila ya barua pepe"

Kiambatisho kilikuwa na mkia wa .html au .htm, au kilikuwa PDF yenye kitufe kikubwa cha kupakua. Ukurasa unafanana kabisa na wa Microsoft au Google, tena mara nyingine anwani yako imeshaandikwa tayari. Tazama juu kwenye kivinjari. Kama pameanza na file:///, basi ukurasa huo uko ndani ya kompyuta yako mwenyewe, ulikuja na barua. Microsoft haikai kwenye folda yako ya "Downloads".

Ulishaandika nywila? Nenda kwenye kifaa kingine uibadilishe sasa hivi, uondoe vifaa vyote vilivyoingia, uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kama nywila hiyo unaitumia pia kwingine, huko nako badilisha.

"Nimefungua, hakuna kilichotokea"

Dalili hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huidharau. Faili limebonyezwa, kipanya kimezunguka sekunde mbili, kimya. Au limetokea tangazo kwamba faili limeharibika. Mtu anasema "limekataa", anaendelea na kazi zake.

Halikukataa. Programu za kuiba taarifa, kama Agent Tesla na Formbook, zimeundwa zisionekane. Zinachukua nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari na kwenye programu ya barua pepe, zinarekodi unachoandika, zinapiga picha za skrini, kisha zinayatuma nje. Hazina haja ya kukusumbua. Wewe ukitulia ndipo zinapofaidi.

Katika ofisi moja niliyoitwa, dada wa mapokezi alipokea faili lililoitwa nakala ya TT. Halikufunguka. Akafanya kitu ambacho nimekiona mara nyingi mno: alimtumia mwenzake. "Jaribu kwako, langu limekataa." Mwenzake naye likamkatalia, akampelekea mhasibu. Kompyuta tatu zikaambukizwa kwa wema wa watu kusaidiana. Siku 19 baadaye mteja wao alipigia simu kuuliza kama malipo yamefika, kwa akaunti ya benki ambayo ofisi haikuwahi kuwa nayo. Mhalifu alikuwa anasoma barua zao muda wote, akangoja ankara kubwa, akaituma upya ikiwa na akaunti yake. Fedha hazikurudi.

Kwa hiyo faili likikataa kufunguka, usimpelekee mtu. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Toa kompyuta kwenye mtandao. Usiizime kama hakuna kinachoendelea kuharibika. Fundi atahitaji kuona kinachofanya kazi ndani yake.

2. Chukua simu au kompyuta nyingine ambayo faili halikufika. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, halafu benki, halafu mifumo ya kazi. Barua pepe hutangulia kwa sababu anayeishika anaweza kuomba nywila mpya za vitu vingine vyote. Ukizibadilisha kwenye kompyuta iliyoambukizwa, unampelekea mwizi nywila mpya.

3. Katika mipangilio ya barua pepe, ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi, maana mhalifu anaweza kuwa ameiba kibali cha kuendelea kuwa ndani.

4. Kagua kanuni za barua pepe (rules), yaani amri zinazopanga barua zenyewe zinapoingia. Hapa ndipo nilipokuta siri ya ofisi ile: kanuni iliyoagiza kila barua yenye neno "invoice" ipelekwe kwenye folda ya RSS, ambayo hakuna anayeifungua, na nakala iende kwa anwani ya nje. Ndiyo maana hawakuona majibu ya mteja akilalamika. Futa kanuni usiyoitambua, na angalia pia kama barua zinaelekezwa kwingine.

5. Sasa ndipo kompyuta ichunguzwe. Microsoft Defender ina uchunguzi wa nje ya Windows ambao huwasha upya mashine na huchukua kama dakika 15. Kwa kompyuta inayofanya malipo mimi sitosheki na hapo. Naokoa hati, naifuta diski, napakia Windows upya.

"Antivairasi inasema ni salama"

Inasema haijalitambua, na hilo ni jambo jingine. Wahalifu hulijaribu faili lao kwanza, kisha hulituma likiwa bado geni. Unaweza kulipeleka VirusTotal, tovuti inayomilikiwa na Google, ambapo antivairasi kadhaa hulikagua kwa mpigo. Lakini unachopakia huko huweza kuonwa na wateja wengine wa huduma hiyo, kwa hiyo usipakie mkataba wala pasipoti ya mteja. Na jibu la "hakuna aliyeligundua" kwa faili lililofika saa moja iliyopita lisikutoe wasiwasi. Lipakie tena kesho.

"Mafaili yote yamebadilika jina, na kuna ujumbe wa kudai fedha"

Hii ni programu ya utekaji. Imefunga mafaili yako na inauza ufunguo. Hapa usisite: chomoa mtandao, chomoa diski za nje na flashi zote, na kama bado yanaendelea kufungwa moja baada ya jingine, zima kompyuta. Mafaili yaliyohifadhiwa kwenye flashi iliyoachwa imechomekwa nayo hufungwa. Nimelia na mwenye duka mmoja kwa sababu hiyo. Akiba ya kweli ni diski inayochomekwa, ikanakili, ikachomolewa na kuwekwa kabatini.

Usiyafute mafaili yaliyofungwa hata kama hayana matumaini. CryptoLocker, iliyoanza kusambaa Septemba 2013 kwa viambatisho vya .zip vilivyojifanya PDF, iliwapa watu saa 72 walipe. Mwaka uliofuata polisi wa kimataifa waliuvunja mtandao ulioisambaza, na Agosti 2014 ikafunguliwa tovuti ya bure ya kutoa funguo. Waliokuwa wametunza mafaili yao waliyapata. Leo kuna tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama. Anzia hapo. Kulipa hakukuhakikishii ufunguo.

"Kiambatisho nimekifungulia kwenye simu"

Mikia ya .exe haifanyi kazi kwenye Android. Ogopa .apk, mkia wa programu za Android, iwe imekuja kwa barua pepe au WhatsApp. Simu itakuuliza kama unaruhusu kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana. Kataa. Ukikubali, programu hiyo ikaomba pia kusoma ujumbe mfupi, itaona namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki.

Fedha zimeshaondoka, nimwambie nani?

Benki kwanza, kwa simu, saa hiyohiyo. Muamala wa kimataifa ukiwahiwa kabla haujatolewa upande wa pili huweza kusimamishwa, kesho yake ni vigumu. Kisha polisi, maana benki itataka taarifa yao. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kitengo cha TZ-CERT kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hupokea taarifa za mashambulizi. Kenya ina sheria yake ya 2018, na kitengo cha KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hifadhi barua yenyewe, usiipige picha tu: maelezo ya njia iliyopitia yamo ndani yake.

Na waambie wateja wako wote siku hiyohiyo kwamba akaunti ya benki haijabadilika.

"Mfanyakazi alijua, hakusema"

Hii nayo ni dalili, na ina chanzo. Nilipomuuliza yule dada wa mapokezi kama alihisi kitu siku ya kwanza, alinijibu, "Nilihisi, fundi. Lakini mwaka juzi mwenzangu alikatwa mshahara kwa kuharibu printa." Siku 19 zilipotea hapo. Kama angenipigia mchana ule, tungebadilisha nywila tatu na kufuta kompyuta tatu, na mteja wao asingepoteza shilingi.

Nilimwomba bosi wake anisikilize mlango ukiwa umefungwa, na tukazungumza karibu saa nzima. Sasa ukutani juu ya printa ile ile pamebandikwa karatasi kwa mkono wake mwenyewe: ukifungua faili likakutia shaka, piga namba hii, hukatwi kitu. Tangu ibandikwe dada yule amenipigia mara nne. Mara tatu yalikuwa mafaili halali ya wateja, nikamshukuru kila mara. La nne lilikuwa .iso.